Toge, joho, na lile swali la "ulishavaa?"

Kwetu Bunia ni wachache wanaouliza tena, "Ulimaliza masomo?" Tunauliza, "Ulishavaa?" Kuvaa nini, hakuna haja ya kusema. Ni toge. Kwenye mwaliko wa Kiswahili sanifu tutaandika joho, lakini mdomoni ni toge tu.

Neno joho lilifika pwani kutoka Kiarabu, na mwanzoni lilitaja kitambaa: sufu nzito. Halafu likawa jina la vazi lenyewe, refu, wazi mbele, lenye nyuzi za dhahabu pembeni, ambalo masultani wa Unguja na wakubwa wengine walivaa juu ya kanzu. Sufu, kwenye joto lile! Hapakuwa na baridi ya kukinga. Joho lilisema tu kwamba huyu hashiki jembe. Katika Biblia ya Kiswahili, mfalme wa Ninawi akisikia habari ya Yona anavua joho na kuvaa magunia. Kumbe linavuliwa pia.

Toge nayo ni toga ya Waroma. Mwenye kutafuta cheo aliing'arisha kwa chaki iwe nyeupe, candida, na hapo ndipo lilitoka lile neno candidat tunalosoma kila siku kwenye matangazo ya kazi. Inanichekesha kidogo: sisi tunavaa nyeusi saa chache, halafu tunabaki ma-candidat miaka na miaka.

Kwa avocat, sawa, toge ni kifaa cha kazi. Mei 2021 état de siège ilipoanza, kesi za jinai za raia wa Ituri zilipelekwa mbele ya mahakama za kijeshi, na mtu wa toge akasimama kutetea mbele ya hakimu mwenye uniforme. Pale nguo ina kitu inasema.

Ya collation ni sherehe, na sherehe ni nzuri, siikatai. Ninachokataa ni neno kumeza jambo. Grade inatoka kwa jury, baada ya mitihani na kutetea mémoire. Haitoki kwa mwenye kukodisha toge. Lakini kuna vijana, wengine familia zao zilikimbia Djugu na ziko kambini mpaka leo, waliotetea, wakafaulu, wakakosa pesa ya toge, ya picha, ya chakula cha wageni. Mtaani wanahesabiwa kama hawajamaliza. Wenyewe wakiulizwa wanajibu kwa sauti ya chini, "bado". Bado nini?

Neno tunalo tayari, na ni lilelile la avocat: kutetea. Ukikutana na mmoja wao, acha mambo ya kuvaa. Muulize, "Ulitetea juu ya nini?" Ila uwe na nafasi ya kusikiliza, maana atakueleza kuanzia chapitre ya kwanza.