Fantasy ya Nakivale na Mbarara: mizani ya alama inavyopangwa

Mwendesha ligi ndogo ya Fantasy Premier League, mchezo wa mtandaoni wa kusajili timu ya kufikirika ya wachezaji halisi wa Ligi Kuu ya England, hana mamlaka ya kubadili hata alama moja ya mchezo wenyewe. Bao la mshambuliaji ni alama 4, la kiungo 5, la beki 6, na jedwali hilo halitofautishi aliye London na aliye Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Lakini jedwali la alama ni nusu tu ya kanuni. Nusu ya pili ni jinsi alama hizo zinavyokusanywa, zinavyolinganishwa na zinavyomtoa bingwa, na nusu hiyo iko mikononi mwa wanaligi. Ligi inayowaunganisha watu wa Nakivale na wa mji wa Mbarara haiwezi kuwa ya haki mpaka nusu hiyo ya pili ifanyiwe kazi.

Tuanze na jedwali lenyewe, maana limetungwa kwa akili. Kila mshiriki hupewa paundi milioni 100 za kufikirika na kusajili wachezaji 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3, wasiozidi watatu kutoka klabu moja. Mchezaji akifikisha dakika 60 anapata alama 2. Akicheza pungufu ya hapo, 1. Pasi ya bao ni 3. Kipa au beki ambaye timu yake haikufungwa anapata 4, kiungo 1, mshambuliaji hapati kitu. Alama za nahodha huzidishwa mara mbili. Msingi wa hesabu yote hiyo ni uhaba: tukio likiwa nadra kwa nafasi fulani, thamani yake hupanda.

Msingi huo huyumba pale nafasi ya mchezaji inapobishaniwa. Msimu wa 2024/25 Brentford ilikuwa na Bryan Mbeumo wa Kameruni, aliyefunga mabao 20 ya ligi, na Yoane Wissa wa Kongo, aliyefunga 19. Uwanjani walishambulia pamoja, ila Fantasy ilimwandika Mbeumo kiungo na Wissa mshambuliaji. Mabao ya Mbeumo yakazaa alama 100, ya Wissa 76. Tofauti ya bao moja ikageuka tofauti ya alama 24. Bei ilifidia kidogo tu, kwani Wissa alianza msimu kwa milioni 6 na Mbeumo kwa 7. Mkongo wa Rubondo, Nakivale, aliyemsajili Wissa kwa mapenzi ya nyumbani alikuwa amechagua mfungaji mzuri, lakini jedwali lilimlipa pungufu kwa kila bao.

Msimu wa 2025/26 mchezo ulirekebisha kasoro kongwe zaidi, ya beki anayehangaika dakika zote 90 bila kuonekana. Zamani, timu yake ikifungwa mabao 2, aliondoka na alama 1: 2 za kucheza, ikatolewa 1 kwa mabao hayo. Sasa akifikisha vitendo 10 vya ulinzi, yaani kuondosha hatari, kuzuia mashuti, kunasa pasi na kupokonya mpira, anaongezewa 2. Viungo na washambuliaji wanatakiwa kufikisha 12, ila wao wanahesabiwa pia mipira waliyoiokota. Kanuni hii imejengwa kama kizingiti: mwenye vitendo 9 hapati kitu, na mwenye 20 anapata 2 zilezile. Faida yake ni kwamba beki wa timu inayoshambuliwa kutwa hawezi kulimbikiza alama kwa sababu tu timu yake ni dhaifu. Hasara yake ni kwamba inampendelea beki wa kati, ambaye mipira ya juu humfuata, kuliko beki wa pembeni anayepokonya kwa ufundi.

Jedwali linaishia hapo. Haliwezi kuona kwamba washiriki wawili wenye jicho sawa la mpira hawana simu sawa, umeme sawa wala mtandao sawa. Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950: Wanyarwanda, Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha wanazokutania. Mshiriki wa Juru, sehemu nyingine ya Nakivale, huenda akalazimika kulipia kuchaji simu dukani kabla ya kufikiria bando, na tangu Julai 2021 bando nchini Uganda lina ushuru wa asilimia 12 juu yake. Mwenzake wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara anaweza kusoma habari za majeruhi mpaka dakika ya mwisho.

Uganda nzima iliwahi kukaa upande wa asiye na mtandao. Jioni ya Januari 13, 2021, mkesha wa uchaguzi mkuu, intaneti ilikatwa nchini kote, ikarudi Januari 18. Katikati ya siku hizo, Jumamosi ya Januari 16, wiki mpya ya Ligi Kuu ya England ilianza, na kesho yake Liverpool na Manchester United zikatoka 0-0. Mchezo wenyewe una kinga fulani: usipogusa timu, ile ya wiki iliyopita inaendelea, na mchezaji wa akiba huingia mahali pa asiyecheza. Ila nahodha aliyekwama kwa majeraha, au mabadiliko ambayo hayakufanyika, yanaweza kupunguza alama za wiki nzima. Ukihesabu kwa jumla ya msimu, pengo la wiki moja kama hiyo linaweza kukufuata mpaka Mei.

Dawa nimeiona katika besiboli. Mwaka 1980 mwandishi Daniel Okrent na rafiki zake wa New York walianzisha ligi ya kufikirika ya besiboli. Hawakujumlisha matukio yote kwenye kapu moja. Walichagua vipimo vinane, vinne vya wapigaji na vinne vya warushaji, na katika kila kipimo wakazipanga timu kwa nafasi. Katika ligi ya watu kumi, wa kwanza hupata 10 na wa mwisho 1. Ukiongoza kwa mipigo ya nje ya uwanja kwa mmoja au kwa arobaini, unapata 10 ileile. Mafuriko ya upande mmoja hayawezi kuzamisha kazi ya pande nyingine zote.

Tukihamishia wazo hilo kwetu, kila wiki inakuwa kipimo. Chukua jumla ya mshiriki leo, toa jumla yake ya wiki iliyopita, na hapo hata alama 4 ambazo mchezo hukata kwa kila usajili unaozidi ule wa bure zitakuwa zimeshaingia. Panga washiriki kumi kwa nafasi, mpe wa kwanza 10 na wa mwisho 1. Daftari moja linatosha.

Tuijaribu kwa namba za mfano. Mshiriki wa Base Camp anapata 62, 58, 65, kisha wiki ya nne mtandao unagoma anaambulia 31. Wa Mbarara anapata 55, 57, 54 na 60. Kwa jumla ya kawaida wa Mbarara anaongoza, 226 kwa 216, ingawa alizidiwa wiki tatu kati ya nne. Sasa tuseme wa Base Camp alishika nafasi ya 2, 3, 1 na 10, na mwenzake ya 5, 4, 6 na 3. Kwa nafasi, wa Base Camp ana 9, 8, 10 na 1, jumla 28. Wa Mbarara ana 6, 7, 5 na 8, jumla 26. Wiki mbaya imemuumiza, lakini haikufuta kazi yake.

Hatua inayofuata ni kumfutia kila mshiriki wiki zake mbovu nne kati ya 38. Nne ndiyo mpaka. Ukifuta nyingi zaidi, unamlea mchezaji wa bahati nasibu, anayemvisha unahodha mtu asiyetarajiwa kila wiki akijua hasara zake zitasahaulika. Mfumo wa nafasi nao una gharama yake: aliyepata 90 dhidi ya 60 analipwa sawa na aliyepata 61. Kwa hiyo jumla ya kawaida ya msimu ibaki kuwa kiamuzi pale wawili wanapolingana mwishoni.

Saa nayo ni kanuni. Dirisha la usajili hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya wiki. Mechi ya mapema ya Jumamosi ikianza saa sita na nusu mchana Uingereza, dirisha hufungwa saa tano kamili ya huko. Mwanzoni mwa msimu hiyo ni saa saba mchana kwetu. Waingereza wakirudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, inakuwa saa nane. Jumapili ya mwisho ya Machi inarudi saa saba. Uganda haibadilishi saa, hivyo Oktoba mtu anaongezewa muda, na Machi, ubingwa ukiwa unakaribia, ananyang'anywa. Mwendesha ligi atangaze saa ya kufunga kila Alhamisi, kwa saa zetu, kwa ujumbe mfupi wa kawaida usiohitaji bando.

Kurekebisha mambo kwa kutazama hali za watu hakuuharibu mchezo. Fantasy yenyewe ilifanya hivyo katika wiki ya 16 ya msimu wa 2025/26, ilipomjazia kila mshiriki nafasi za usajili wa bure hadi tano kwa sababu Kombe la Mataifa ya Afrika la Morocco lilikuwa linawaondoa wachezaji. Haukuwa upendeleo, kwa kuwa kanuni ilitangazwa mapema na ilimhusu kila mtu. Ligi ya Nakivale na Mbarara ifuate njia hiyo: nafasi za kila wiki, wiki nne za kufutwa na tangazo la Alhamisi, yote yaandikwe na kukubaliwa na pande zote mbili kabla ya mechi ya kwanza ya Agosti, na yasiguswe mpaka msimu uishe. Hapo bingwa atakayepatikana atakuwa aliyeujua mpira kuliko wenzake, awe ana bando la mwezi au la siku moja.