Kitenzi njo mwenye nyumba: Chomsky, Tesnière na sentensi zetu



Tangu shule ya sekondari tulifundishwa jambo moja juu ya sentensi: kwanza suje, halafu verbe, mwisho komplema. Tulijifunza hivyo katika Kifaransa, kisha tukabeba nguo hiyo na kuivalisha Kiswahili bila kupima kama inamutosha. Leo nataka kuikosoa, nikilinganisha mawazo mawili makubwa juu ya namna maneno yanavyoungana kuwa sentensi: lile la Noam Chomsky, Mmarekani, katika kitabu chake Syntactic Structures cha 1957, na lile la Lucien Tesnière, Mfaransa, katika Éléments de syntaxe structurale, kitabu kilichotoka 1959, miaka mitano baada ya kifo chake.

Mimi ni mutu wa agronomi, si wa lugha. Lakini kazi yetu ni kuandikia wakulima pia, na sentensi mbaya inaweza kuharibu shamba sawa na mbegu mbaya.

1. Mti wa Chomsky

Tuanze na sifa yake. Chomsky alionyesha vizuri kwamba sentensi haifanane na shanga zilizopangwa mu kamba, moja nyuma ya ingine. Ndani yake kuna mafungu, na fungu moja linaweza kukaa ndani ya lingine. Sikilizeni hii: "Nilimuona mutoto wa mwalimu mwenye alikuja jana." Nani alikuja jana, mutoto ao mwalimu? Maneno ni yaleyale, mpangilio ni uleule, lakini sentensi ni mbili. Ukifunga "mwenye alikuja" kwa mwalimu, unapata moja. Ukiifunga kwa mutoto, unapata ingine. Mwenye kuhesabu maneno moja kwa moja kutoka kushoto hataona tofauti hiyo hata kidogo.

Shida yangu iko ku mkato wa kwanza. Chomsky anakata sentensi vipande viwili: fungu la jina upande huu, fungu la kitenzi upande ule. Kisha kila fungu linaendelea kukatwa mpaka kufika ku neno moja moja, na mchoro unatoka kama mti uliogeuzwa mizizi juu. Kwa Kifaransa na Kiingereza mkato huo unaonekana wazi. Lakini chukueni neno letu moja: "Nimekuletea." Utakata wapi? Mutendaji yuko ndani (ni-), mwenye kupokea yuko ndani (-ku-), tendo liko ndani (-let-), na ile -e- inasema kwamba tendo linamufikia mutu. Ni sentensi nzima, na hakuna jina hata moja.

Wafuasi wa Chomsky wako na jibu: nafasi ya jina iko pale, ila haina sauti. Sisemi jibu hilo ni la kijinga. Ku karatasi linafanya kazi. Lakini linatuomba tuanze na kitu kisichosikika ili kueleza kitu tunachosikia wote. Kwa lugha yenye kuweka kila kitu ndani ya kitenzi, huo ni mlango wa nyuma.

2. Tesnière anaingilia mbele

Tesnière anaanza pengine. Kwake, maneno mawili yakiungana kuna vitu vitatu: neno la kwanza, neno la pili, na kifungo kati yao. Kifungo hicho hakisikiki wala hakiandikwe, lakini bila kifungo hakuna sentensi, kuna orodha ya maneno tu. Na ndani ya kila kifungo, neno moja linatawala, lingine linatawaliwa.

Nani anatawala wote? Kitenzi. Tesnière alikataa kugawanya sentensi kati ya suje na mengine yote. Alisema mgawanyo huo umetoka ku elimu ya mantiki, haukutoka ku lugha yenyewe. Kwake suje anakaa chini ya kitenzi, pamoja na komplema. Aliifananisha sentensi na mchezo mdogo wa kuigiza: kuna tendo, kuna wachezaji (aliwaita aktanti), na kuna mazingira ya tendo, yaani wapi, lini, namna gani (sirkonstanti).

Halafu akaazima neno ku kemia: valansi. Sisi wa agronomi tunalijua. Hidrojeni inashika moja, oksijeni mbili, kaboni ine. Vilevile kitenzi kiko na mikono ya kushika wachezaji. "Kulala" kinashika mmoja, "kulima" kinashika wawili, "kupa" kinashika watatu.

Rudini sasa ku "Nimekuletea". Hatuhitaji tena kutafuta jina lililojificha. Kitenzi kiko juu, wachezaji wake wameshikwa tayari na viambishi. Majina yakija, yanakuja kueleza zaidi ni nani na nini.

3. Pale Tesnière anachoka

Lakini tusimubebe Tesnière juu ya mabega bila kumupima naye. Angalia mvua. Mfaransa akisema mvua inanyesha, anatumia kitenzi peke yake na ka "il" kenye hakamaanishi mutu wala kitu. Tesnière aliviweka vitenzi vya namna hiyo ku valansi sifuri. Sisi tunasema "mvua inanyesha": mvua mwenyewe njo mutendaji. Kwa hiyo valansi haitokane na tendo lenyewe huko duniani. Kila lugha inapima kwa kipimo chake, na mwenye kutafsiri asifikiri mikono ya kitenzi inavuka mpaka bila kubadilika.

Jambo la pili ni zito zaidi. Tesnière aliweka ukuta kati ya wachezaji na mazingira. Wachezaji wanahesabika, mazingira yanaweza kuongezwa bila mwisho. Sasa muone "kulima":

"Furaha analima shamba." Wawili.
"Furaha analimia mama yake shamba." Watatu.
"Furaha analimisha vijana shamba." Watatu pia, lakini mwenye kushika jembe amebadilika.
"Shamba linalimwa." Mmoja.

Tesnière aliliona jambo la -isha na la -wa. Aliandika kwamba lugha zinaweza kuongeza mchezaji mmoja ao kumupunguza. Lakini -ia yetu inafanya zaidi. Mama, ambaye kwa Kifaransa angekaa pembeni kama mazingira ("kwa ajili ya mama"), anaingizwa katikati ya nyumba. Hata chombo kinaingia: jembe la kulimia, kisu cha kukatia. Ukuta wa Tesnière uko na mlango, na ufunguo ni herufi moja ao mbili ku mwisho wa kitenzi. Mwenye kuandika nadharia ya sentensi bila kuangalia lugha za Kibantu anakosa mlango huo.

Waliokuja kuangalia wako. Mu 1987 Joan Bresnan na Sam Mchombo waliandika juu ya Kichewa, lugha ya Malawi na majirani zake. Walionyesha kwamba pale kiambishi cha mtendwa kiko ndani ya kitenzi, hicho kiambishi njo mtendwa mwenyewe, na jina linakuwa huru kutembea ndani ya sentensi. Pale hakipo, jina linabaki karibu na kitenzi. Ni kazi nzuri, lakini hata hiyo tusiinakili yote. Kwa Kiswahili tunasema "Nimemuona Furaha" bila kumutenga Furaha hata kidogo. Ndugu wa ukoo mmoja hawafanane kwa kila kitu.

4. Hii inatusaidia nini ku shamba?

Nilishika fishi moja ya shirika fulani, iliyotafsiriwa kutoka Kifaransa kwa wakulima wa maharagi. Ilikuwa na sentensi ya namna hii: "Uwekaji wa mbolea ufanyike kabla ya upandaji wa mbegu na mkulima." Soma polepole. Huo "upandaji wa mbegu na mkulima", ni mkulima mwenye kupanda, ao mkulima anapandwa pamoja na mbegu? "Na" yetu inabeba kazi zote mbili. Mama wa kijiji atacheka, kisha atauliza: sasa nifanye nini?

Kosa si ku neno moja. Mwandishi aliua vitenzi vyote viwili vya kazi, kuweka na kupanda, akavifanya majina, halafu akaleta "ufanyike", kitenzi kisicho na mikono, kibebe kila kitu. Rudisha vitenzi ku kiti chao: "Tia mbolea mu shimo, funika na udongo kidogo, njo utie mbegu." Vitenzi vitatu, kila kimoja na wachezaji wake. Na ule udongo kidogo haukukuwa mu fishi, wakati mbolea ya kemikali ikigusa mbegu inaweza kuiunguza. Majina marefu yanaficha hatua iliyosahauliwa. Kitenzi kingeuliza: natia wapi, juu ya nini?

5. Eti Kiswahili chetu hakina sarufi

Bamoja wanasema Kiswahili cha Congo ni cha kuvunjika, kwa sababu tunasema "kitabu yangu" na hatufuate ngeli zote. Ni kweli ngeli zinafanya kazi. Kwa Kiswahili sanifu "mbegu za maharage yaliyooza" na "mbegu za maharage zilizooza" ni mambo mawili tofauti, na herufi moja ao mbili zinatosha kuyatenga. Sisi tukisema "mbegu ya maharagi yenye ilioza", hatujui nini ilioza.

Lakini mukulima habaki pale. Anasema: "Maharagi yenye ilioza, mbegu yake usipande." Ameleta maharagi mbele, akaifunga mbegu kwayo na "yake", kitenzi kikaja kutawala. Hakuna mwenye kumufundisha. Kifungo ambacho ngeli haikukaza, amekikaza na mpangilio. Mwenye kuita hiyo fujo anatafuta sarufi ku kichwa cha neno tu, wakati Tesnière na Chomsky, pamoja na ugomvi wao wote, wanakubaliana kwamba sarufi iko mu vifungo kati ya maneno.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenzangu wenye kuandika fishi, ripoti na matangazo kwa Kiswahili: mbele ya kutuma, chukua kila sentensi na uulize kitenzi chake ni kipi na kinashika nani. Kama hupati jibu, usitume bado. Soma kwa sauti mbele ya mutu mwenye atakwenda kulima, na umuache yeye akuambie ameelewa nini.