Hongera, Watu wa Meli ya Hospitali

Hongera zenu, wahudumu wa Mercy Ships! Don na Deyon Stephens walianzisha shirika hili la Kikristo mwaka 1978, nanyi mmekuwa mkiwafuata wagonjwa hadi bandarini kwao.

Wapo wanaokuja kwa majuma mawili tu: daktari wa upasuaji aliyetoa likizo yake, muuguzi, mpishi, fundi wa mitambo. Mshahara hakuna. Wengi hujilipia nauli. Mgonjwa halipii upasuaji wake. Damu ikihitajika, wahudumu wenyewe ndio benki: mpishi huacha sufuria, hukunja mkono wa shati, hutoa chupa moja kwa mtu asiyemjua hata jina.

Kisha huja asubuhi ya kufungua bandeji. Bibi aliyezibwa macho na mtoto wa jicho anapepesa, anatazama viganja vyake, halafu anamwona mjukuu aliyekuwa akimwongoza njiani.

Majuma mawili ni machache, lakini meli ikishang'oa nanga, bibi yule hubaki akiona. Kutoa ni moyo, wala si utajiri. Mungu awazidishie.