Ufundi wa Kuivunja 61,741,120

Ufundi wa kutafuta vigawo tasa, yaani namba kubwa kuliko 1 zisizogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa zenyewe, ambazo zikizidishwa pamoja huizaa namba inayochunguzwa, hauhitaji zaidi ya kalamu, karatasi na subira, na uzuri wake huonekana hasa unapotumika kwa namba ambayo hakuna mtu aliyeichagua. Namba ya namna hiyo ni 61,741,120, idadi ya watu iliyopatikana katika Sensa ya Tanzania ya 2022, ambamo kila aliyelala Kagongwa usiku wa kuamkia 23 Agosti, awe mkoboaji wa mpunga au msafiri wa Kahama, aliingia kama moja kamili, sawa na aliyelala Geita au Unguja.

Fundi huanza na kilicho chepesi. Sifuri ya mwisho humpa 5 pamoja na 2 ya kwanza, kisha 2 hurudiwa mpaka ifike mara sita na kukataa, zikabaki 192,941. Namba 3 haifai, kwa kuwa jumla ya tarakimu zote za 61,741,120 ni 22, isiyogawanyika kwa 3, lakini 7 hukubali na kuacha 27,563. Hapo ndipo ufundi unapotengana na kubahatisha: kwa kuwa 166 ikizidishwa kwa yenyewe hutoa 27,556, hakuna haja ya kujaribu namba tasa inayozidi 166, maana kigawo kikubwa kuliko hapo, kama kipo, lazima kiwe na mwenzake aliye mdogo. Kuanzia 7 yenyewe, inayojaribiwa tena, hadi 41, zote hukataa moja baada ya nyingine, kazi kavu ambayo wengi huiachia njiani. Ndipo 43 inapokubali na kuacha 641, nayo ni tasa.

Namba hiyo ya mwisho ina historia. Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kwamba 641 huigawanya 4,294,967,297, ambayo Pierre de Fermat aliidhania kuwa tasa. Wapo watakaovutiwa zaidi na mwanzo wa idadi yenyewe, 6174, namba inayohusishwa na mwalimu wa India D. R. Kaprekar: tarakimu nne zisizolingana zote, zikipangwa kutoka kubwa hadi ndogo, kisha mpango wa kinyume ukatolewa humo, na tendo likarudiwa, huishia hapo. Sadfa hiyo inapendeza, ila ni ya maandishi tu, kwani ingetoweka kama watu wangehesabu kwa makundi ya kumi na mbili badala ya kumi, ilhali 641 ingebaki ndani ya idadi hiyo kwa maandishi yoyote yale.

Namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha pamoja zaidi ya 1. Kwa hiyo mtu mmoja tu angepungua, 2, 5, 7, 43 na 641 zingeondoka zote kwa pamoja, na 3, iliyokuwa imekataa, ingekubali.