Mabinti Waliopotea Bethnal Green

Kupanda nasaba hadi kwa babu ni kazi, lakini kuishuka hadi kwa vitukuu na vilembwe ni kazi zaidi, hasa ukoo ukiwa wa mjini. Bethnal Green, mashariki mwa London, watu walipanga vyumba na kuhama kodi ilipowashinda. Familia ikivuka barabara tu, tayari imeingia wilaya nyingine ya usajili, Shoreditch au Whitechapel.

Tuseme tunaanza na William Clark, aliyeoa huko miaka ya 1880. Akina William Clark ni wengi mno. Ukimfuata yeye utaishia kwa wajukuu wa mtu mwingine. Mshike mkewe. Tuseme kwao ni Pettit.

Serikali ilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo England na Wales Julai 1837, ila faharasa ya zamani ya vizazi haikutaja jina la kwao mama hadi katikati ya 1911. Mwaka 2016 Ofisi Kuu ya Usajili ilitoa faharasa mpya mtandaoni, yenye jina hilo tangu mwanzo. Hapo ndipo kazi hii ilipobadilika. Unaandika Clark, unaandika Pettit, na watoto wanaanza kujitokeza, hata kichanga aliyezaliwa na kufa katikati ya sensa mbili, ambaye pengine hakuna mtu aliyemtaja tena.

Umewapata wote? Sensa ya 1911 inajibu. Mke aliulizwa amezaa wangapi, wangapi wako hai, wangapi wamefariki: 9, 6, 3. Ukiwa umepata 8, rudi kwenye faharasa. Wajane hawakutakiwa kujaza sehemu hiyo, lakini wengi walijaza. Karani akapitisha mstari juu, na tarakimu bado zinasomeka. Mimi huanza na zile zilizokatwa.

Ugumu wenyewe ni mabinti. Tangu 1912 faharasa ya ndoa inaonyesha pia jina la ukoo la mwenzi, na hilo linatosha kwa walioolewa baadaye. Kwa waliotangulia, nunua cheti cha ndoa, ukitazame chini, penye mashahidi: mara nyingi yupo dada mkubwa, ameshaolewa, ametia sahihi kwa jina lake jipya. Mama wa bwana na bibi arusi usiwatafute humo. Vyeti vya huko viliandika baba peke yao hadi Mei 2021.

Sensa ya 1921 inasomeka. Ya 1931 iliteketea kwa moto mwaka 1942. Pengo hilo linazibwa na rejista ya Septemba 1939, iliyoandaliwa kwa ajili ya vitambulisho vya wakati wa vita. Iliendelea kutumika kwa miongo kadhaa, hata kwenye huduma ya afya, na makarani wakawa wanaisahihisha. Utamkuta binti wa Clark, tarehe yake ya kuzaliwa, kazi yake. Jina la baba limekatwa, na juu yake, kwa wino wa rangi nyingine, limeandikwa jina la mume aliyempata miaka mingi baadaye.