Hongo na Posho katika Habari za Njia ya Tabora

Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ni kitabu ambacho msomaji wa leo hukielewa vibaya pale hasa anapodhani amekielewa. Mwenyewe aliyaeleza kwa Kiswahili. Heinrich Brode akayachapisha 1902–1903, na Whiteley akayatoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza 1958–1959.

Maneno mageni hayana hatari. Asiyejua rugaruga ni nani atauliza. Hatari imo katika maneno tuliyoyazoea. Katika njia iendayo Unyanyembe, hongo ilikuwa ushuru: misafara iliwapa watemi wa Ugogo nguo na masango ili ipite na kuteka maji, na uhaba wa maji katika nchi ile ndio uliowapa watemi nguvu. Leo hongo ni rushwa. Basi kijana asomaye habari za safari hizo atawahukumu watemi kwa kosa la karani wa siku hizi, na mfanyabiashara wa pembe na watumwa (ajabu!) ndiye atakayeonekana kuwa ameonewa. Posho nayo, iliyokuwa chakula cha mpagazi njiani, sasa yanukia vikao.

Wala hili si la vitabu vya kale tu. Paradise ya Abdulrazak Gurnah (1994) ilipofasiriwa na Ida Hadjivayanis kuwa Peponi (2022), safari ya bara ilirudi katika lugha yake, na maneno haya yakabisha hodi upya. Toleo lijalo la Tippu Tip lahitaji faharasa ya maneno iliyokusanywa Tabora na Ugogo, si Unguja pekee.