Muswada na Msomaji Wake wa Kwanza: Njia ya Mwandishi kutoka Bonde la Kilombero hadi Kitabuni

Ikisiri

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili kwa kawaida huanza pale kitabu kinapotoka mtamboni. Makala haya yanarudi nyuma ya hatua hiyo na kuuliza ni nini kinachomfanya mtu mwenye muswada awe mwandishi wa kitabu. Mifano inatoka kwa Mtema Towegale Kiwanga wa Bonde la Kilombero, Aniceti Kitereza wa Ukerewe na Shaaban Robert wa Tanga, kisha mjadala unarejea Ifakara ya leo. Inadaiwa kwamba kinachokosekana zaidi si kipaji wala mtambo wa kuchapia, bali msomaji mwenye ujuzi anayeukuta muswada ungali unaweza kubadilika.

1.0 Utangulizi

Swali la namna mtu anavyokuwa mwandishi limeachiwa kwa muda mrefu hotuba za uzinduzi wa vitabu na vijitabu vya mwongozo. Sisi wahakiki tunalikwepa. Mwanafunzi wa uzamili anayechambua Rosa Mistika ya Kezilahabi huyapokea maandishi yaliyochapishwa na East African Literature Bureau mwaka 1971 kana kwamba yalizaliwa yakiwa kamili: dhamira, wahusika, mtindo, kisha hitimisho. Nani aliusoma muswada kabla ya msomaji wa kawaida, alipendekeza nini, kipi kiliondolewa na kwa hoja gani, hayo hayaingii katika tasnifu. Matokeo yake, nadharia ya uandishi tunayomwachia kijana anayetaka kuandika ni ya maneno mawili tu, kipaji na bahati.

Mkazi wa Viwanja Sitini, kata ya mji wa Ifakara ambayo jina lake lenyewe ni la hesabu, anapomaliza hadithi yake katika daftari hana mchapishaji wa kumwendea kwa miguu. Kilicho karibu ni duka la steshenari, lenye kompyuta, printa, mashine ya kutolea kopi na mtu anayechapa kwa malipo ya ukurasa. Kwa siku chache daftari hugeuka kitu chenye jalada, kilichobanwa kwa pini au kubandikwa gundi mgongoni. Akipenda, mwenyewe au kwa kumtuma mtu, anaweza kuomba namba ya kitabu kutoka Bodi ya Huduma za Maktaba. Kwa macho, kitu hicho ni kitabu. Makala haya yanahusu pengo lililo kati ya kitu hicho na kitabu kinachostahili kuhakikiwa, pengo ambalo, kwa maoni yangu, tumelieleza vibaya.

2.0 Sura ya Mtema

Bonde la Kilombero lilipata mwandishi aliyechapishwa mapema kuliko historia zetu za fasihi zinavyodokeza. Mwaka 1935 kampuni ya George Allen & Unwin ya London ilitoa Ubena of the Rivers, kitabu cha A. T. Culwick na G. M. Culwick kuhusu Wabena wa bondeni. Ukurasa wa jina unatangaza kuwa ndani yake mna sura ya Mtema Towegale Kiwanga. Wakati huo, wengi walioandika kwa Kiswahili katika Tanganyika walionekana katika safu za gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, kwa shairi au kwa barua. Kuwa na sura ndani ya kitabu cha London lilikuwa jambo la namna nyingine.

Namna jina hilo lilivyowekwa inastahili kuhakikiwa kwa zana zetu wenyewe. Kama ukurasa wa jina ungekuwa sentensi, akina Culwick wangekuwa kiima, naye Mtema angekuwa chagizo. Yumo, anaonekana, lakini sentensi ingesimama hata bila yeye. Iwe alisimulia au aliandika, maneno yake yanamfikia msomaji kwa Kiingereza, yakiwa yamepita mikononi mwa ofisa wa serikali ya kikoloni na mwenzake. Huyo ndiye msomaji wa kwanza aliyempata, msomaji mwenye mamlaka juu yake.

Hata hivyo, ni kosa kumfanya Kiwanga kuwa mtoa habari tu. Katika utawala usio wa moja kwa moja, mtawala wa jadi alijua vizuri kwamba jambo lililochapishwa lingeweza kusomwa na walioamua mipaka na vyeo. Mtu wa nafasi yake anapozungumza juu ya watu wake anachagua la kusema na la kunyamazia, na uchaguzi huo ndio uandishi wenyewe. Wanahistoria wamekuwa wakikitumia kitabu hicho kama ghala la data. Mhakiki wa fasihi angeweza kuisoma sura hiyo kama maandishi yenye nia, yenye hadhira mbili zisizofanana, na yenye fundi ambaye hakupewa nafasi ya kushika kisu cha mwisho. Inashangaza kwamba kazi hiyo bado haina nafasi katika silabasi zetu, ilhali tunafundisha kila mwaka juu ya sauti zilizonyamazishwa.

3.0 Kitereza aliandika mara mbili

Habari ya Aniceti Kitereza inajulikana, na kwa sababu inajulikana inasimuliwa kwa uvivu. Alizaliwa mwaka 1896, akasoma katika seminari ya Rubya, akarudi Ukerewe, na kwa kuhimizwa na Padre Almas Simard akaandika kwa Kikerewe riwaya ndefu aliyoimaliza mwaka 1945. Haikupata mchapishaji. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Gerald na Charlotte Hartwig, waliokuwa Ukerewe kwa utafiti, waliufahamu muswada huo na kumsaidia katika juhudi za kuuchapisha. Kitereza akaitafsiri kazi yake mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ikaitoa kwa juzuu mbili, mwaka wa chapa ukiwa 1980: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mwandishi alifariki mwaka 1981.

Kwa kawaida miaka hiyo 35 husimuliwa kama kisa cha subira, na mwandishi chipukizi huambiwa avumilie kama mzee wa Ukerewe. Sikubaliani na matumizi hayo ya kisa. Kungoja si ufundi. Kilichotokea ndani ya miaka hiyo, na ambacho kinatuhusu sisi, ni kwamba Kitereza alikiandika kitabu mara mbili, na mara ya pili alikiandika kwa ajili ya msomaji ambaye hakuwa amemfikiria mara ya kwanza.

Mabadiliko ya hadhira lengwa si jambo dogo. Msomaji Mkerewe anaposikia habari za kupika pombe, kutafuta tiba ya utasa au kujadiliana na wakwe, anatambua. Msomaji wa Kiswahili kutoka Lindi au Kigoma anafundishwa. Wahakiki wamelalamika kwamba msimulizi wa Kitereza husimama mno kueleza mila, na kwamba riwaya inageuka maelezo ya desturi. Ni kweli sehemu ya maelezo hayo ilitokana na nia ya asili, kwa kuwa mwandishi alitaka mambo ya wazee yasipotee. Lakini kuhamia Kiswahili kuliyapa kazi ya pili. Yakawa daraja kati ya watu wawili wasiofahamiana, na ucheleweshaji wa masimulizi ukawa namna ya heshima, kama mwenyeji anayemweleza mgeni kila chombo kabla ya kumpakulia. Anayeona hapo udhaifu wa muundo tu amesahau kwamba maandishi aliyo nayo ni tafsiri ya mwandishi mwenyewe.

Tunaweza pia kuona ni wasomaji wa namna gani waliomsaidia. Simard na akina Hartwig hawakuwa wahariri wa riwaya ya Kiswahili. Walikuwa watu walioamini kwamba muswada ule una thamani na wakamrudia mwandishi na maswali. Inatosha kumfanya mtu aendelee, ingawa haitoshi kumfikisha mwisho. Swali la ni nini mhariri mwenye sikio la Kiswahili angelimwuliza Kitereza, akiwa hai na mwenye nguvu ya kujibu, halina jibu. Shaaban Robert anatupa upande mwingine wa tatizo hilo. Alifikia kujichapishia baadhi ya kazi huko Tanga kwa jina la Art and Literature. Na baada ya kifo chake mwaka 1962, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zilitolewa na Nelson mwaka 1968, wakati hapakuwa tena na mwandishi wa kumkubalia au kumkatalia mhariri.

4.0 Dungu si kibanda

Turudi bondeni, tukiwa na sentensi moja niliyoitunga kwa ajili ya mjadala: “Mama alitupandisha dunguni alfajiri, tukaamia mpaka jua likazama.” Mtu wa Ifakara aliyewahi kukaa shamba msimu wa mpunga haihitaji ifafanuliwe. Mhariri wa mjini anayekimbizana na muda ataisahihisha: “Mama alitupeleka kwenye kibanda asubuhi, tukafukuza ndege hadi jioni.” Hakuna kosa la kisarufi katika sentensi ya pili. Kilichopotea ni dunia nzima.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba kuamia na dungu si maneno ya Kindamba wala ya Kipogoro yaliyoingizwa kwa magendo. Yamo katika Kiswahili sanifu. Kuamia ni kulinda mazao yasiliwe na ndege. Dungu ni ulingo ulioinuliwa juu ya nguzo kwa kazi hiyo. Kwa hiyo mhariri wetu hakusanifisha chochote. Amekipunguza Kiswahili sanifu mpaka kikatosha katika Kiswahili anachokisikia yeye. Mimi huona hili kuwa hatari kubwa zaidi kwa lugha kuliko maneno ya mkopo tunayoyalalamikia kila kongamano.

Tena, bondeni dungu limezidi maana ya kamusi. Familia zinazohamia mashambani kwa msimu hulala humo, hupika karibu yake, na watoto hukaa huko siku nyingi mbali na shule. Neno limetoka kuwa kifaa cha ulinzi likawa makazi. Upanuzi wa maana namna hii hufika kwenye kamusi kwa njia ya matini: mtu huandika, mwingine husoma, mwanaleksikografia huorodhesha. Mwandishi akizuiwa mlangoni, kamusi nayo hukosa ushahidi.

Mazoea ya kumfanya mkaguzi wa sarufi kuwa msomaji wa kwanza yana historia. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya makoloni ya Afrika Mashariki ilikuwa na kazi ya kupitia miswada ya vitabu na kuipa kibali cha lugha. Ilisaidia kuleta tahajia moja, na hakuna haja ya kulibeza hilo. Lakini ilituachia imani kwamba kusoma muswada ni kutafuta makosa. Hadi leo mwandishi wa mikoani akipata wa kumsomea, mara nyingi ni mwalimu wa lugha mwenye kalamu nyekundu, anayesahihisha upatanisho wa ngeli na kuuacha mgogoro wa hadithi ukiwa umevunjika katikati. Hakuna aliyemwuliza mwandishi kwa nini shangazi anatoweka sura ya tatu.

5.0 Soko, tuzo na kazi yetu

Wachapishaji watajibu kwamba mhariri hulipwa, na fedha ziko shuleni. Wana haki. Nyumba za uchapishaji nchini zimeishi kwa vitabu vya shule, na tangu Taasisi ya Elimu Tanzania ilipokabidhiwa uandishi na uchapishaji wa vitabu vya kiada katikati ya miaka ya 2010, nguzo hiyo imeyumba. Riwaya isiyo na matumaini ya kuteuliwa kwa ajili ya mtihani ni mzigo wa hasara.

Tuzo zimeingia katika nafasi hiyo. Tuzo iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, baadaye Safal-Cornell, imepokea hata miswada. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilifuata, washindi wa kwanza wakitangazwa mwaka 2023. Nazikaribisha zote. Lakini tuzo kwa asili yake huchagua, haifundishi. Majaji hutafuta kilichokwisha kuiva. Asiyeshinda hujua tu kwamba hakushinda. Wanaouza hadithi sehemu kwa sehemu kwa simu, malipo yakipita kwa M-Pesa, angalau hupata jibu: wasomaji wakichoka, hawanunui sehemu inayofuata. Ni jibu kali, nalo halisemi kosa liko wapi.

Idara zetu zina watu wanaosoma kwa makini kwa kazi yao ya kila siku. Napendekeza tathmini ya muswada ambao haujachapishwa ikubaliwe kuwa zoezi halali la uhakiki katika shahada ya umahiri, kwa ridhaa ya mwandishi na kwa kuheshimu haki zake chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Mwanafunzi aeleze muswada unataka kufanya nini, wapi unashindwa kufanya hicho, na kwa ushahidi gani wa matini. Kisha mwandishi aandike upya akitaka, na rasimu zote mbili zihifadhiwe.

Pingamizi moja ni zito. Huenda tukawalazimisha waandishi wa bondeni waandike riwaya za wahadhiri, zenye ishara nyingi na watu wachache. Hatari hiyo ipo, na mfano wa Kiwanga unaonyesha gharama ya msomaji wa kwanza mwenye madaraka kuliko mwandishi. Kinga yake ni utaratibu: tathmini iandikwe kwa maswali kabla ya mapendekezo, mwandishi awe na haki ya kujibu kwa maandishi, na jibu lake lisomwe na mtahini pamoja na tathmini. Mwanafunzi aliyependekeza kibanda badala ya dungu atalazimika kusoma, mbele ya msimamizi wake, maelezo ya mtu aliyelala humo.